Muuaji wa Ojo Hondo Aliyeshuka Kufunga Geti

Saa mbili asubuhi, Eusebio Luján yuko juu ya mnara wa kinu cha upepo, amejifunga mkanda kiunoni, anamimina mafuta kwenye kasha la gia. Breki ameikaza, lakini mapanga ya kinu yanatetemeka kila upepo unapojaribu bahati yake. Chini, ng'ombe wa Bi Nelda Harkrider wamezunguka hodhi lenye maji ya kulowesha kwato tu, na wanamtazama mtu wao kwa macho ya kudai.

Pikapu ya kijivu inapunguza mwendo barabarani. Dereva anateremsha kioo na kutoa kichwa.

"Chebo, leo usiniue, nina watoto."

"Wakubwa au wadogo?" anajibu yule wa juu bila kugeuka.

"Wakubwa."

"Basi watajitegemea."

Dereva anacheka, anapiga honi, anaondoka na vumbi lake. Chebo anafunika kasha, anafuta mikono kwa kitambaa na kuanza kushuka, ngazi kwa ngazi, taratibu kama mtu mwenye heshima na mifupa yake. Ana miaka hamsini na saba.

"Ni hivi tangu filamu itoke," anasema akishafika chini. "Jana dukani mama mmoja alinipa nafasi ya mbele kwenye foleni. Nikamwambia, bibi, mimi ni fundi wa visima. Akasema najua, lakini pita tu."

Hapa Ojo Hondo, magharibi ya mbali ya Texas, kila mtu anamjua Chebo. Ukikuta ng'ombe wana maji mahali ambapo Mungu hakuyaweka, jua amepita yeye. Alifundishwa kazi na baba yake: kupanda minara, kuvuta mabomba, kubadilisha zile ngozi za pampu zinazoinua maji kutoka chini. Zamani alikuwa na vinu sitini vya kutunza. Siku hizi wenye ranchi wanaweka pampu za jua, na vinu vyake vimebaki kumi na tisa. Mwezi mzuri huingiza kama dola elfu mbili na mia tano. Mwezi mbaya huwa anajenga uzio wa seng'enge, kazi ambayo, kwa maneno yake, "haina kupanda ila ina kuchomwa."

Mtu wa namna hiyo ndiye aliyeigiza muuaji katika Kisima cha Tatu, filamu ya uhalifu iliyopigwa hapa mwaka jana, wakati nyasi zinaanza kuchipua. Wengi waliokwisha kuiona huko mijini wanaamini ni mwigizaji wa siku nyingi. Sisi tunaomjua tunajua kwamba, kabla ya hapo, hata kwenye igizo la Krismasi la kanisani alikuwa anapewa kazi ya kushika punda.

Waliokuja kupiga filamu hiyo waliongozwa na Maren Ostrow, mwanamke mwembamba kutoka California mwenye sauti ndogo na subira ndogo zaidi. Chebo aliitwa kwa sababu kinu kilichokuwa karibu na kamera kilikuwa kinapiga kelele na kuharibu sauti. Alipanda, akakitia mafuta, kikanyamaza. Alipokuwa anashuka, akamkuta mwongozaji amesimama chini ya mnara anamtazama.

"Unaweza kuigiza?" Maren alimuuliza.

"Siwezi."

"Vizuri. Niliyemwajiri alikuwa anaweza, na jana ameanguka kwenye farasi akavunja mtulinga."

Chebo alidhani ni utani. Maren hakuwa anatania. Alihitaji mtu wa kuigiza mfanyakazi wa ranchi anayemuua bosi wake kwa ajili ya fedha za mnada, kisha anakimbia nyikani huku sherifu akimfuata. Muuaji huyo haongei sana. Kazi yake kubwa ni kutembea, kukaa kimya na kuendesha gari. Malipo yalikuwa dola elfu nne na mia tano, na tairi za gari la Chebo zilikuwa zimekwisha hadi nyuzi zinachungulia. Akakubali.

Siku ya kwanza aliboronga. Alitakiwa kutoka zizini, kuvuka uwanja na kuingia kwenye nyumba ya bosi akiwa na nia mbaya. Alirudia mara nyingi, na kila mara Maren alitikisa kichwa.

"Aliniambia natembea kama mtu anayekwenda kuuliza kama chakula kimeiva," Chebo anakumbuka. "Na kweli nilikuwa na njaa."

Mwishowe mwongozaji akamvuta pembeni. Akamuuliza kama kuna mtu anayemjua aliyewahi kufanya jambo lisilorudishika.

"Yupo," akasema.

"Unakumbuka anavyotembea?"

"Nakumbuka."

"Basi tembea kama yeye."

Chebo akarudi zizini. Alipotoka tena, alikuwa anaburuta mguu wa kulia kidogo, na kabla ya kufika kwenye ngazi za nyumba alifuta viganja kwenye mifuko ya nyuma ya suruali, mara mbili, polepole. Watu wa kamera waliacha kutafuna. Maren hakusema kitu ila "tumepata."

Mwendo ule ni wa kaka yake, Lalo.

Wazee wa hapa wanaikumbuka habari hiyo, ingawa hakuna anayeipenda. Miaka thelathini na moja iliyopita, Lalo Luján na rafiki yake waliingia kwa bastola kwenye kituo cha mafuta kilichokuwa kando ya barabara kuu, mwendo wa saa nzima kutoka hapa. Rafiki alikimbia na senti zisizojaza kofia. Lalo alipiga risasi. Kijana aliyekuwa kwenye kaunta, Tobin Weir, alikufa hospitalini siku ya tatu. Lalo alirudi nyumbani, akanawa mikono, akala maharage aliyowekewa, kisha akakaa barazani akiwasubiri polisi. Mguu ule aliumizwa na farasi alipokuwa mdogo. Mikono alikuwa anaifuta hivyo tangu utotoni, kila alipokuwa amefanya kosa na anamsubiri mama.

Alihukumiwa kifungo cha maisha. Na mama yao, Refugio Luján, ambaye mji mzima unamwita kwa heshima Doña Cuca, aliitoa picha yake ukutani siku hiyo hiyo ya hukumu. Hakulitaja jina lake tena. Watu walizoea. Mtu akimuuliza ana watoto wangapi, alijibu, "Ninaye Eusebio." Alifunga mlango huo na hakuna aliyethubutu kuugusa, wala padri.

Ndiyo maana Chebo alipofika nyumbani jioni ile alikuwa na tatizo kubwa kuliko kuigiza. Mke wake alishafariki, watoto wake wako El Paso, na yeye anaishi na mama yake, ambaye sasa ana miaka themanini na sita. Angemwambiaje kwamba kati ya kazi zote za duniani amekwenda kuigiza mwizi mwenye bunduki, na tena kwa mwendo wa mtu asiyetajwa?

"Niliogopa kitu kimoja tu," anasema. "Yule alimuua mtu, mama akamfungia mlango. Mimi nikionekana nimefanya mchezo na jambo lile, atanifungia na mimi. Na mama akifunga, amefunga. Nilijiona naondoka na begi langu nikiwa babu mzima."

Basi akamwambia ameajiriwa kuigiza mchunga ng'ombe.

"Si uongo," anajitetea. "Yule muuaji ni mchunga ng'ombe. Sikusema baada ya kazi anafanya nini."

Doña Cuca alifurahi kupita kiasi. Alimwambia kila mtu kanisani kwamba mwanawe atakuwa kwenye filamu, anachunga. Na mji mzima, ambao kwa kawaida hauwezi kuficha hata ujauzito wa paka, ukaifunga midomo yake. Padri alipoulizwa kama ni dhambi kunyamaza, alisema kunyamaza si uongo, ila yeye asiulizwe.

Kisha likaja suala la geti.

Ni onyesho la kutoroka. Muuaji ameshaua, ameshachukua fedha, ameshawasha moto kwenye zizi. Anaruka ndani ya pikapu ya marehemu na kukimbilia nyikani, sherifu yuko nyuma yake. Zizi lilikuwa la mbao, lilijengwa kwa ajili ya kuchomwa, na haliwezi kuchomwa mara mbili. Kwa hiyo kila mtu aliambiwa, hapa hakuna kurudia. Geti la malisho lilifunguliwa kabisa ili gari lipite kama risasi.

Gari likapita kama risasi. Halafu likafunga breki.

Chebo akashuka. Huku zizi linawaka nyuma yake na sherifu anakuja mbio, alilivuta geti, akalirudisha, akazungusha mnyororo, akautia kwenye msumari wake na kulitikisa kwa mkono kuhakikisha limeshika. Kisha akaburuta mguu wake hadi kwenye gari na kuendelea kutoroka.

Yule mwigizaji wa sherifu, bwana mmoja maarufu mwenye viatu vya ngozi ya mbuni, ilibidi asimame. Akashuka. Akaanza kupambana na mnyororo. Mnyororo wa Bi Nelda una ujanja wake, na yule bwana hakuujua. Zizi likaungua, likaanguka, likaisha, yeye bado anatafuta mahali pa kuanzia.

"Nilisikia sauti ya Maren bila kuhitaji redio ya mkononi," Chebo anasema.

Mwongozaji alikuja akikimbia kwa miguu. Mazungumzo yao bado yanarudiwa hapa kila watu wakikaa kunywa kahawa.

"Umeua mtu," Maren alimwambia. "Unafukuzwa na polisi. Geti la nini?"

"Mitamba itatoka."

"Mitamba gani?"

Chebo akaonyesha. Mitamba ya Bi Nelda, kama mia hivi, walikuwa wamesimama umbali wa kurusha jiwe, wanashangaa moto. Bi Nelda mwenyewe, aliyekuwa amekaa kwenye kiti cha kukunja chini ya mwavuli, aliinua kikombe chake cha chai ya barafu.

"Mimi nimemlipa huyu kwa miaka thelathini," alisema. "Hiki ndicho ninacholipia."

Watu wa mahali pengine huenda wakaona ni jambo dogo. Huku, mtoto anafundishwa geti kabla ya kufundishwa kusalimia. Ulivyolikuta ndivyo unavyoliacha, na kama hujui lilikuwaje, lifunge. Mtu anaweza kusamehewa ulevi na hata kura yake, lakini aliyeacha geti wazi watoto wake watasimuliwa. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na Chebo alikua hivyo.

Maren hakuzungumza naye kwa siku mbili. Chebo alishajiandaa kurudi kwenye vinu vyake. Siku ya tatu mwongozaji alimwita kwenye gari lake, akamwonyesha picha zilizopigwa. Hakuwa na hasira tena. Alimwambia hajawahi kuona mtu mbaya wa namna hiyo kwenye filamu yoyote, na kwamba ataubadilisha mwisho. Katika mwisho mpya, sherifu anapita ranchi hadi ranchi akitafuta mageti yaliyovunjwa, hadi anapotambua kwamba yote yamefungwa vizuri, na kwa hilo anajua anayemtafuta si mgeni.

Hivyo ndivyo ilivyoonyeshwa mijini. Huko, tunaambiwa, watu walizuia pumzi kwa hofu pale kwenye geti. Wakaandika kwamba muuaji yule ana moyo wa barafu. Chebo alisomewa hayo akakuna kichwa.

"Barafu iko wapi? Mimi nilikuwa nawaza ng'ombe."

Hatimaye filamu ikaletwa nyumbani. Ojo Hondo haina jumba la sinema, lililokuwepo sasa linauza vyakula vya mifugo. Royce Tidwell, dalali wetu wa mnada wa ng'ombe, akatoa ukumbi wake. Alining'iniza turubai jeupe juu ya uwanja wa mnada, na Jumapili moja baada ya misa tukaingia kama watu mia tatu. Kila mtu alikwenda kukaa pale pale anapokaa siku za mnada. Harufu ilikuwa ile ile.

Asubuhi hiyo Chebo alikuwa amejaribu kila ujanja ili mama yake abaki nyumbani. Alimwambia kutakuwa na joto. Alimwambia viti ni vya mbao. Alimwambia mwanga wa filamu utamuumiza macho.

"Macho yangu yameona masufuria uliyoacha bila kuosha," Doña Cuca alimjibu. "Yataona na filamu."

Alivaa gauni lake la bluu, lile la ubatizo na mazishi, akakaa mstari wa mbele na rozari mkononi. Chebo alikaa kando yake. Anasema jasho lilimtoka hadi kwenye soksi.

Alipoonekana mara ya kwanza kwenye turubai, akiwa juu ya farasi nyuma ya ng'ombe, ukumbi ulishangilia. Doña Cuca aligeuka nyuma na kuwaitikia watu kwa kichwa, kama mama wa bwana harusi. Aliamini hiyo ndiyo kazi yenyewe.

Kisha yule mchunga ng'ombe akatoka zizini. Akaanza kuvuka uwanja, anaburuta mguu. Akasimama mbele ya ngazi na kufuta viganja kwenye mifuko ya nyuma, mara mbili.

Mkono wa Doña Cuca uliacha kuhesabu rozari.

Bunduki ilipolia, ukumbi mzima ulikuwa kimya, na si kwa ajili ya filamu. Sote tulikuwa tunatazama kisogo cha bibi mmoja wa mstari wa mbele. Tulijua tulichomficha. Kila mtu alijiona ana sehemu yake katika jambo lile, na hakuna aliyethubutu hata kukohoa.

Halafu likaja geti. Pikapu ikapita, ikafunga breki, muuaji akashuka katikati ya moshi na kuanza kuzungusha mnyororo. Mtu wa nyuma kabisa akaguna, "Huyo ni wetu." Royce, kwa mazoea ya miaka yote, akapaza sauti, "Imeuzwa." Ukumbi ukapasuka kwa kicheko. Watu walipiga makofi, wakapiga miguu kwenye mbao, na yule sherifu alipoanza kupambana na mnyororo wa Bi Nelda kuna waliolia kwa kucheka.

Doña Cuca hakucheka. Aliweka kiganja juu ya mdomo wake na kubaki hivyo. Filamu ilipokwisha na taa kuwashwa, aliinuka, akamwambia mwanawe, "Nipeleke kwenye gari." Watu wakawapisha. Chebo alipita katikati yao ameinamisha kichwa.

Yaliyotokea ndani ya gari ameyasimulia mwenyewe, na mama yake, aliyeketi mezani wakati anasimulia, hakurekebisha neno.

Walikaa kwanza bila kuwasha injini.

"Ule mwendo si wako," mama alisema.

Chebo akapapasa mfuko akitafuta funguo.

"Nakuuliza, Eusebio."

"Si wangu, mama."

"Ni wa Lalo."

Miaka thelathini na moja jina hilo halijatoka kinywani mwake. Chebo anasema alishika usukani kwa nguvu kana kwamba gari linakimbia.

"Nisamehe, mama. Yule mwongozaji aliniambia nitafute mtu..."

"Sijamaliza. Nani alikuambia ufunge geti?"

"Hakuna. Mkono ulikwenda wenyewe."

"Mkono hauendi wenyewe. Niliwafundisha nyote wawili kwa mwiko wa maharage." Akafuta pua. "Yule mtu ameua. Ana moto nyuma yake. Na bado amefunga geti."

"Ndiyo, mama."

"Basi kuna kitu kilichobaki," akasema Doña Cuca. "Nilidhani hakikubaki kitu."

Mama yake akaendelea, sasa kwa sauti yake ya kila siku, ile ya kukagua masufuria.

"Unakwenda kumwona lini?"

"Nani?"

"Usinifanye mjinga. Kila Oktoba unaniaga unakwenda kununua fahali. Kila Oktoba unarudi na trela tupu. Nimezaa mtoto asiyejua kununua fahali kwa miaka ishirini na tano?"

Hapo ndipo Chebo alipolia. Alilia kama mtoto, anasema, na huku anacheka, na mama yake akampa leso na kumwambia aangalie asije akachafua usukani. Mzigo alioubeba mwaka mzima, na mwingine alioubeba robo karne, ilimshuka yote kwa mpigo. Waliochungulia kutoka mlangoni mwa ukumbi, na tulikuwa wengi, tuliona mabega yake yanatikisika tukadhani mambo yameharibika. Kisha tukamwona Doña Cuca anatupungia mkono tuondoke, na kila mmoja wetu akashusha pumzi.

Jikoni kwake, bibi huyu anachambua maharage kwenye sinia na kuzungumza bila kuinua macho. Anasema watu wamekuwa wakidhani alimkataa mwanawe kwa hasira. Haikuwa hasira.

"Yule kijana wa kwenye kaunta alikuwa na mama," anasema. "Mama yake atamtembelea wapi? Mimi ningekwenda kumwona wangu, nimshike mkono, nimuulize amekula nini, kwa uso gani? Nikasema, kama yeye hana, na mimi sitakuwa naye."

Kila Novemba amemwombea Tobin Weir misa. Ataendelea, anasema, hilo halibadiliki. Lakini mama yule alifariki miaka mingi iliyopita, na adhabu aliyojipa Doña Cuca haikuwa imemrudishia chochote. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na huyu aliumeza wake mzima bila maji.

"Nimefunga vya kutosha," anasema.

Simu ya Chebo imelia mara kadhaa wiki hii. Maren Ostrow anaanza filamu nyingine kule New Mexico na anataka muuaji wake arudi, kwa malipo mara tatu ya yale ya kwanza. Kazi inaanza Jumamosi ijayo. Chebo ameomba radhi. Amemwambia siku hiyo ana safari na mama yake, na kwamba kama wanaweza kumsubiri hadi Jumatatu atakuja, ila hatavaa tena mwendo wa mtu mwingine. Maren amesema watasubiri.

Gereza liko upande wa pili wa jimbo, mwendo wa siku nzima. Wataondoka Ijumaa na kulala njiani. Ruhusa ya Doña Cuca imeshatoka. Tairi ni mpya, zile za fedha za filamu. Kumekuwa na ubishi mkubwa kuhusu tamale, zile za unga wa mahindi na nyama zinazofungwa kwenye maganda, kwa sababu bibi anataka kuzibeba na Chebo amemweleza mara nne kwamba hazitapita langoni. Amezipika hata hivyo.

Chebo alipompa kaka yake habari hiyo kwa simu, Lalo alimuuliza mara mbili kama amesikia vizuri. Kisha akasema, "Mwambie asivae viatu vyenye kisigino. Sakafu ya huku inateleza."

Chebo anatoka nje kukagua maji ya injini, mara ya tatu tangu asubuhi. Anasema anatumaini mambo machache tu: upepo usizidi, mama asichoke, na Lalo awe amenyoa. Akirudi atakuwa na kinu cha Bi Nelda cha kumaliza.

Doña Cuca anaokota kijiwe kutoka kwenye maharage na kukiweka kando. Anapoulizwa atamwambia nini mwanawe, baada ya miaka yote hii, anaendelea kuchambua.

"Nitamwambia nimemwona," anasema. "Nitamwambia alipita mbele ya mji mzima, Jumapili mchana, na hakuna aliyegeuza uso. Watu walimpigia makofi."

Mwandishi anamkumbusha kwamba aliyepigiwa makofi pale ukumbini alikuwa Chebo.

"Wewe andika," anasema Doña Cuca. "Mimi najua niliyemwona."